Zao Moja kwa Kila Shamba

Vijana wangu wa ofisini, mmenitaka niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi, nami naona nianze na tabia mnayoijua: mimi ni mwoga. Naogopa radi. Naogopa kona za kuteremkia Mombo lori likiwa na mzigo. Na zaidi ya yote naogopa mashine inaposema hakuna kosa. Hili la mwisho mlikuwa mkilicheka, mkidhani ni uzee. Si uzee. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nami nimestaafu na mbawa zangu zote, lakini uoga huu wa mashine una asili yake, na asili yake ni njegere.

Siku mliyoniaga niliwasikia wawili wenu wakibishana nyuma ya masufuria ya pilau. Mlikuwa mkibishana lugha ipi ni bora kwa kuandika masharti ya hati, yaani ile skima inayoiambia mashine hati gani ikubaliwe na ipi ikataliwe. Mmoja alisema lugha ya zamani haifai hata kufungia vitumbua. Nilitaka kuingilia, ila mdomo ulikuwa umejaa. Basi leo naingilia.

Nilianza kazi kama mpiga chapa wa chama cha ushirika cha wakulima wa mboga, hapa hapa Lushoto. Siku ya kwanza sikuonyeshwa taipureta. Nilipelekwa chini kwenye stoo ya dawa za mimea, kwa mtunza stoo, Mzee Athumani, mtu mrefu mwenye koti la buluu ambalo hakuwahi kulipeleka nyumbani kwake hata kufuliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Vizuri. Humu hakuliwi, na ukitoka humu hakuliwi mpaka unawe kwa sabuni. Sasa vuta pumzi."

Nikavuta. Harufu ikanikaa kooni mpaka jioni.

"Hiyo ndiyo kazi yako," akasema. "Ukikosea kuandika kule juu, mtu anaumia huku chini. Usisahau harufu hii."

Wengine waliomwona Mzee Athumani walimwita mkorofi. Mimi nilimwona mtu mwenye hofu kama yangu, ila yeye aliifanyia kazi. Alinifundisha kusoma lebo kabla ya kuichapa, kuuliza kipimo kabla ya kukiandika, na kutokuamini karatasi safi. Karatasi safi, alisema, ni ya mtu ambaye hajafika shambani.

Kisha likaja soko huria. Ruzuku ikaondoka, ushirika ukalegea, stoo ikafungwa na Mzee Athumani akarudi kwao Soni na koti lake. Dawa hazikuondoka. Zilihamia madukani, zikapangwa baina ya chumvi na viberiti, zikapimwa kwa kisoda na kuuzwa katika chupa za soda zisizo na lebo. Kila nilipoingia jikoni kwa mtu nikaona chupa ya soda imesimama juu ya rafu, niliishusha nikaifungua. Nilikuwa mgeni mbaya miaka ile. Kabla ya kusalimia vizuri nilikuwa nimeshanusa chupa za watu.

Soko huria hilo hilo lilileta wanunuzi. Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka njegere za maganda kutoka milimani kwetu, na ushirika uliokuwa umelala ukaamka, ukaninunulia kompyuta. Wanunuzi walikuwa na sharti moja: kila shamba liwe na hati yake, inayosema kimelimwa nini, kimepigwa dawa gani, kiasi gani, lini, na kitavunwa lini. Hati hizo ziliandikwa kwa alama, kama mnavyoandika ninyi leo. Unaweka neno "zao" ndani ya mabano yenye ncha, unaandika njegere, kisha unafunga kwa "zao" jingine lenye mkwaju, kile kistari cha kulala. Tulizinakili kwenye disketi, tukaifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kumkabidhi kondakta wa basi la Dar es Salaam. Hayo ndiyo yalikuwa mawasiliano yetu ya kisasa.

Ushirika ukamleta kijana msomi kutoka Dar, Bwana Gervas, atufundishe. Nataka mjue kwamba alikuwa mtu mwema na mwenye akili sana. Alivaa sweta mbili kwa baridi yetu na hakumdharau mtu. Kazi aliyonipa ilikuwa hii: tupime lugha tatu za masharti, tuone ipi itatufaa. Ya kwanza ilikuwa ya zamani, ile DTD. Ya pili ni XML Schema, ambayo wanunuzi walikuwa wakiitumia. Ya tatu ni RELAX NG, nasi tukaiita Relaksi, maana jina lilitufurahisha. Pembeni akaongeza ya nne, Skematroni, akisema hiyo si ya kupima umbo la hati bali ya kuihoji.

Njia yangu ya kupima ilikuwa ya mwoga. Bwana Gervas aliandika hati nzuri aone kama zitapita. Mimi niliandika hati mbaya nione kama zitazuiwa. Nilianza na hati isiyo na tarehe ya kupiga dawa. Zote zikaikataa, nikapumua. Nikaandika nyingine ambayo mahali pa kiasi cha dawa nimeweka "visoda viwili hivi". Ile ya zamani ikaipitisha bila kukohoa, kwa sababu kwake yeye maandishi ni maandishi, hajui namba ni nini. XML Schema ikaikataa papo hapo, ikataka namba, na namba isiyozidi kiwango. Relaksi nayo ikaikataa, ikiazima kipimo cha namba kutoka kwa mwenzake. Halafu nikaandika hati ambayo njegere zinavunwa kesho yake baada ya kupigwa dawa inayotakiwa kusubiriwa wiki mbili. Hapo XML Schema ikasema hakuna kosa. Tarehe ya kwanza ni tarehe, ya pili ni tarehe. Kama moja inamuua mtu kwa sababu iko karibu mno na mwenzake, yeye hahusiki.

"Hiyo ni kazi ya Skematroni," Bwana Gervas akaniambia. "Yeye ndiye anayeweza kulinganisha."

"Basi tuitumie."

"Tutaitumia, dada Mwanaidi. Hofu yako nimeiandika."

Na kweli tuliitumia. Tukachukua skima ya wanunuzi kama ilivyokuja, tukaweka Skematroni juu yake kwa ajili ya tarehe, nami nikalala vizuri kwa muda. Hati ikipita, mashine ilichapa karatasi ya ruhusa ya kuvuna, yenye zao na siku zake za kusubiri baada ya dawa, bwana shamba akaipeleka nyumbani kwa mkulima, ikabandikwa ukutani. Watu waliziheshimu karatasi zile kuliko kalenda.

Bwana shamba wetu alikuwa Hoza, kijana wa Bumbuli mwenye pikipiki na kicheko kikubwa. Yeye ndiye aliyepita mashambani kujaza fomu, mimi nikaziingiza kwenye kompyuta. Wiki za mwanzo mashine ilimkataa sana. Kila mara ilitoa kosa lile lile, kwa Kiingereza, kwamba kuna kitu kimeonekana mahali kisipotarajiwa. Hoza alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu akiisoma sentensi ile na kutikisa kichwa kama mwanafunzi aliyerudishiwa daftari.

Kisha makosa yakakoma. Yalikoma kwa mara moja, hati zote zikawa zinapita, na Bwana Gervas akanunua soda kwa ofisi nzima. Mimi soda haikushuka. Sikuwa na hoja ya kumweleza. Nilikuwa na harufu tu kooni, harufu ya stoo ya miaka ile. Mashamba yetu si nadhifu kiasi kile. Nikamwambia Bwana Gervas kwamba naogopa.

"Unaogopa nini sasa? Hoza amejifunza kujaza fomu."

"Sijui. Naomba niende naye kwa wakulima wa Kwai nikaone."

"Nenda, upate na hewa," akasema, na aliposema hivyo hakuwa na kebehi hata kidogo.

Tukaenda na Hoza, mimi nyuma ya pikipiki nimefumba macho kila kona. Kwai ni pazuri, nyasi za ng'ombe na ukungu unaochelewa kuondoka. Tulifika kwa Mama Elia karibu na mchana. Yeye na mumewe walikuwa Walutheri, watu wa kazi, na shamba lao lilianza pale pale nyuma ya nyumba. Tukaamkiana kwa Kishambaa, tukaulizana habari za watoto, za mvua, za ng'ombe, moja baada ya nyingine kama inavyotakiwa. Karatasi yetu ilikuwa ukutani, imebandikwa kwa uji wa unga, chini ya picha ya arusi yao.

"Tumepiga dawa jana," Baba Elia akasema. "Njoo uone, hakuna ganda hata moja lililoguswa. Karatasi imesema wiki mbili, basi ni wiki mbili."

Alikuwa akisema kweli. Njegere zilining'inia kwenye miti yake, zimejaa, na hakuna mkono uliozigusa. Lakini mimi nilikuwa natazama chini. Chini ya njegere kulikuwa na maharage, na katikati ya maharage mnavu, umechipua kila mahali kama unavyochipua katika shamba lolote la Kishambaa. Ni nani kwetu huku anayelima kitu kimoja? Ardhi yenyewe iko wapi? Mama yangu hakuwahi kuung'oa mnavu. Aliupalilia pamoja na mahindi. Nikatazama majani yale. Mengi yalikuwa yamechumwa asubuhi ile, mashina yakiwa bado mabichi.

Nikamgeukia Hoza. "Kwenye fomu umeandika mazao gani hapa?"

"Njegere."

"Na haya mengine?"

"Mwanzo nilikuwa naandika yote, dada. Mashine ilikuwa inakataa. Nikaona inataka zao moja, basi nikawa naandika moja. Nilidhani mwenye kosa ni mimi."

Skima ya wanunuzi ilisema hivyo: zao moja kwa kila shamba. Huko kwao labda shamba ni zao moja. Sisi katika kupima kwetu kote, na hati zangu zote mbaya, tulipima tarehe na vipimo, wala haikutujia kwamba shamba la kawaida kabisa, la jirani yeyote, ndilo hati ambayo mashine ingeikataa.

Tuliporudi nyumbani Mama Elia alikuwa ameshaandaa. Ugali, na bakuli la mnavu ulioungwa kwa maziwa, unatoa moshi. Mlangoni alikaa binti yake mdogo, Neema, ameegemea nguzo.

"Karibuni mnawe," Mama Elia akasema. "Huyu amekula zamani, hakuweza kuwasubiri. Neema! Wageni hao. Hujasalimia."

Mtoto aliinua kichwa, kikarudi kwenye nguzo.

"Neema! Shikamoo iko wapi? Jamani, mtoto huyu leo ananiaibisha."

Mtoto wa Kwai asiyetoa shikamoo kwa mgeni hayupo. Nikapiga magoti mbele yake. Mate yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye gauni, jasho limemtoka katika baridi ile, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa zikawa vitone. Nikanusa mdomo wake. Mzee Athumani alikuwa ameniambia nisisahau.

"Mama Elia, mnavu huu umeuchuma wapi?"

"Hapo nyuma, chini ya njegere." Akanitazama, akatazama ukutani. "Karatasi imesema njegere, dada. Imesema njegere tu."

Nilisema, "Ni dawa. Mtoto amekula dawa," na sauti ilinitoka ndogo mpaka nikalazimika kuirudia. Hoza alikuwa ameshakimbilia pikipiki. Mama Elia akapanda nyuma na mtoto kifuani amemfunga kwa kanga, bila viatu, wakaondoka. Baba Elia akabeba chungu chote akaenda kuchimba shimo la kukifukia. Mimi nikateremka kwa miguu hadi barabarani, nikasubiri gari lolote, na njia nzima niliomba dua moja tu kwa sababu nyingine zilinipotea. Lori la kabichi lilinichukua. Dereva aliniuliza kama nimefiwa, nikamwambia sijui.

Hospitalini walikuwa wamemlaza na kumchoma sindano, na nyingine tena. Hoza alikaa sakafuni kwenye korido, kofia ya pikipiki bado ameivaa. Nimewahi kuogopa mambo mengi maishani, mengi ya kipuuzi, lakini woga ule wa kwenye korido ulikuwa wa aina nyingine; ulinikausha hata machozi. Jua lilikuwa linakaribia milima ndipo muuguzi akatoka akasema mtoto ameomba maji. Hoza akavua kofia, akalia kwa sauti kama mtoto mwenyewe.

Nilipomweleza Bwana Gervas, aliitoa hati ya shamba lile akaisoma mstari kwa mstari, sweta zake mbili mwilini.

"Lakini hati ilikuwa sahihi," akasema hatimaye. Hakuwa anajitetea. Alikuwa anaogopa, na hapo kwa mara ya kwanza tukaogopa pamoja.

Tuliwaandikia wanunuzi. Wakajibu kwa heshima kwamba skima yao haibadiliki katikati ya msimu. Basi tukaandika ya kwetu, ya kutangulia ya kwao. Na hapa ndipo jibu langu kwa ubishi wenu wa pilau. Kwa umbo la hati tulichukua Relaksi, kwa sababu mazao ya shamba letu huja bila foleni, mengi au machache, yoyote yakitangulia, na katika Relaksi kulisema jambo hilo ni rahisi na kusomeka ni rahisi. Ile ya wanunuzi pia ingeweza kuruhusu mazao mengi. Aliyeiandika ndiye aliyesema moja. Msiilaumu lugha kwa maneno ya msemaji. Kwa kuhoji tulibaki na Skematroni: kila kinacholiwa ndani ya shamba kiwe na siku zake za kusubiri, na ruhusa ifuate zile zilizo nyingi kuliko zote. Hati ikishapita kwetu, ndipo mashine iliwatolea wanunuzi nakala yao yenye zao moja walilolitaka.

Jambo jingine ndilo lililonifanya niipende Skematroni mpaka leo. Inakuachia uandike kosa kwa maneno yako. Hoza hakufuta mazao kwa uzembe. Aliyafuta kwa sababu sentensi ile ya Kiingereza ilimwambia yeye ndiye amekosea. Tukaandika yetu: "Shamba hili lina mnavu usio na siku za kusubiri. Usifute. Rudi ukaulize." Kwenye fomu tukaongeza swali la juu kabisa: nyumbani mnachuma nini humu? Hoza alilipenda swali lile kwa namna ya kuumia. Alilisoma kwa sauti kila nyumba, hata pale alipoliona jibu kwa macho yake.

Kwa hiyo mkinichukulia kama mshauri, msiniulize lugha ipi ni bora. Niulizeni imekataa nini, imepitisha nini, na ikikataa inamfanya mtu wa shambani afanye nini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nami mkiniona nashtuka mbele ya hati safi, niacheni nishtuke.

Msimu uliofuata nilirudi Kwai na Hoza kupeleka karatasi mpya. Neema alikuwa amenenepa, akatuamkia kabla hatujashuka, akashika mkono wa mama yake. Mama Elia hakuwa ametulaumu hata siku moja, wala siku ile hakutulaumu. Aliisoma karatasi yote, njegere, maharage, mnavu, akaibandika. Tarehe ya ruhusa ya kuchuma ilikuwa imeshapita, hata kwa mnavu. Kisha akaingia jikoni, akarudi na ugali na bakuli la mnavu, akaliweka mbele yangu peke yangu. Hakumpa mtoto, hakujipakulia. Akakaa mkabala nami, mkono wa Neema ndani ya mkono wake, akanitazama.

Mimi ndiye niliyeyaandika masharti yale. Nilijua kila sharti linakataa nini na linapitisha nini, nilikuwa nimeyapima kwa hati mbaya kuliko zote nilizoweza kuzibuni. Na moyo ulikuwa ukinipiga mpaka masikioni. Nikanawa mikono, nikamega tonge, nikachota mnavu, nikala. Nikamega tena. Nikala mpaka bakuli likaonyesha chini, na hapo ndipo Mama Elia alipoufungua mkono wake na kumwachia mtoto.